Mlima Rungwe Ulivyopita Tsavo kwa Mvuke

Reli haikufika Tukuyu. Anayetaka treni kutoka hapa hupanda gari hadi Uyole, akalipita jiji la Mbeya, ndipo akaikuta stesheni ya TAZARA kando ya barabara ya Tunduma. Hata hivyo wilaya ya Rungwe ina nafasi yake katika historia ya treni za mvuke zilizokatiza katikati ya wanyama wa Afrika Mashariki. Nafasi hiyo iliandikwa kwenye bamba la jina, ubavuni mwa kichwa cha treni namba 5916. Jina lake lilikuwa Mount Rungwe.

Mvuke wenyewe ulifika huku mapema, ila ulikuja kwa maji. Mwaka 1893 Wajerumani waliishusha katika Ziwa Nyasa meli ya stima Hermann von Wissmann, iliyoletwa vipande vipande kwa njia ya mito Zambezi na Shire. Makao yao yalikuwa Langenburg, kwenye ufuko wa kaskazini wa ziwa. Baadaye yalihamishiwa milimani yakaitwa Neu-Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo. Meli ile ilimaliza kazi yake ya kivita mapema: tarehe 13 Agosti 1914, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Sphinxhaven, yaani Liuli, nahodha Rhoades wa meli ya Waingereza Guendolen aliishambulia na kuilemaza.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma Februari 1914. Ilituacha mbali upande wa kusini. Mwaka 1929 Clement Gillman, mhandisi wa reli za Tanganyika ambaye aliijua nchi hii kwa miguu yake, alitoa taarifa ya upimaji wa njia ya kuifungua kusini-magharibi. Muda mfupi baadaye bei za mazao zilianguka dunia nzima, na taarifa ile ikabaki karatasi. Shirika la reli likaweka mabasi na malori kuunganisha Nyanda za Juu na Reli ya Kati, na vijana wa Kinyakyusa wakaendelea kwenda kutafuta fedha kwa miguu: kwenye dhahabu ya Lupa na kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Linaloniuma zaidi ni kwamba makaa ya mawe, chakula chenyewe cha injini za mvuke, yalikuwa chini ya ardhi yetu, katika mabonde ya Kiwira na Songwe. Mjiolojia wa Kijerumani Wilhelm Bornhardt alikuwa ameshayaandika kabla ya karne ya 19 kwisha. Mgodi wa Kiwira ulikuja kufunguliwa miaka ya 1980, wakati zama za mvuke zikiwa ukingoni.

Wakati sisi tukingoja, kaskazini reli na wanyama walikuwa wamekwisha kukutana. Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Ziwa Victoria mwaka 1901. Kwenye daraja la mto Tsavo, mwaka 1898, simba wawili waliwavamia wajenzi mwezi baada ya mwezi, wakawatoa watu mahemani usiku, hadi kazi ikasimama. Mhandisi J. H. Patterson aliwaua wote wawili Desemba mwaka huo. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Vibarua 28 kutoka India waliandikwa. Waafrika waliopotea pamoja nao hawakuhesabiwa kwa uangalifu huo, na jambo hili linastahili kutajwa kila hadithi ile inaposimuliwa.

Upande wa kusini wa reli hiyo ulitengwa kuwa hifadhi kubwa ya wanyama. Abiria aliketi dirishani akaona pundamilia, nyumbu na twiga wakila majani nyanda za Athi, na treni ikipita bila kuwashtua. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa ametoka tu madarakani Marekani, alikalia benchi lililofungwa mbele kabisa ya injini ili wanyama wasimpite. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilitangazwa mwaka 1946, ya Tsavo mwaka 1948, na reli ikawa ndiyo mstari unaogawa Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi.

Hapo ndipo mlima wetu unapoingia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mizigo ilirundikana bandarini Mombasa kuliko uwezo wa reli kuiondoa. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliagiza kwa Beyer, Peacock, kiwanda cha Manchester, vichwa 34 vya aina ya Garratt, vilivyoitwa daraja la 59. Vilifika mwaka 1955 na 1956. Vichwa vya daraja la 60, vilivyotangulia kidogo, vilikuwa vimepewa majina ya magavana, na baada ya uhuru mabamba hayo yakang'olewa. Daraja la 59 lilipewa majina ya milima, na hayo yalidumu. Kenya, Meru, Elgon, Hanang na Longonot ni miongoni mwake. Kutoka pande zetu za kusini iliingia milima mitatu: namba 5915 ilikuwa Mtorwi, 5916 Rungwe na 5920 Mbeya.

Inafaa kueleza mashine hiyo ilivyokuwa, maana hakuna injini ya mvuke iliyoifikia kwa nguvu katika reli zote za upana wa mita moja duniani. Garratt ni kama vichwa viwili vilivyogawana boila moja. Boila hukaa katikati, juu ya fremu iliyoning'inizwa kati ya seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, na kila seti hupinda kivyake kwenye kona. Kwa sababu chini ya boila hakuna magurudumu, boila huweza kuwa nene na tanuri kuwa pana, na uzito hutawanyika juu ya ekseli nyingi. Mount Rungwe na wenzake walikuwa na uzito wa tani 252 na urefu wa karibu mita 32. Walichoma mafuta mazito badala ya makaa. Kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi ni zaidi ya mita 1,600 za kupanda, na kila kimoja kilivuta mzigo wa tani 1,200 kwenye miinuko hiyo. Viliwekewa rangi nyekundu iliyoiva. Katika safari ndefu kulikuwa na madereva na wachochezi wa zamu mbili: wa zamu moja walifanya kazi, wa pili walilala katika behewa lao lililofungwa nyuma ya injini.

Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 20 jina la mlima wa Wanyakyusa lilikatiza Tsavo usiku na mchana, likipita karibu na tembo wekundu kwa vumbi, likiteremka na kahawa na chai kwenda bandarini. Rungwe nayo inalima kahawa na chai, lakini mazao yake hayakuwahi kupanda nyuma ya kichwa kile. Kila ekseli ya daraja la 59 ililemea reli kwa tani 21, na reli nyepesi za Tanganyika zisingeweza kukibeba. Mlima ulikwenda, watu wake wakabaki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, injini za dizeli zilikuwa zimeshika njia, na kufikia mwaka 1980 daraja la 59 lilikuwa limekwisha kazi. Viwili tu vilinusurika, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, na vyote vimo katika Makumbusho ya Reli Nairobi. Mount Rungwe ilikatwa vyuma.

Picha ile ya treni ya mvuke katikati ya wanyama ilikuwa na nguvu kiasi kwamba mataifa tajiri yaliitengeneza upya kwao. Mwaka 1970 bustani ya wanyama ya Whipsnade, Uingereza, ilifungua reli ndogo ya mvuke ili wageni wawaone vifaru weupe walioletwa kutoka Umfolozi, Afrika Kusini. Vichwa vyake vilikuwa vimestaafu kwenye kiwanda cha karatasi huko Kent. Mwezi Aprili 1998 kampuni ya Disney ilifungua Animal Kingdom, Florida. Ndani yake kuna mji wa kubuni uitwao Harambe, uliochorwa kwa kuiangalia Lamu, na kutoka stesheni ya Harambe huondoka treni yenye sura ya reli zetu za kikoloni. Vichwa vyake vilitengenezwa na kampuni ya Severn Lamb ya Alcester, Uingereza. Kwa nje vinaonekana vya mvuke, ila ndani vinakwenda kwa dizeli. Mamilioni ya watoto wamepanda treni ile, na sioni kosa kwao kufurahi. Ninachosema ni kwamba kinachoigwa pale ni maisha na jasho la watu wa huku, na watu wa huku wana haki ya kwanza ya kuyasimulia.

Reli halisi ya kwetu ilikuja bila mvuke. China, Tanzania na Zambia zilitia saini makubaliano Beijing tarehe 5 Septemba 1967. Nyerere na Kaunda wakazindua ujenzi Oktoba 1970, na Julai 1976 TAZARA ikakabidhiwa, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikivutwa na injini za dizeli kutoka China. Wachina zaidi ya 60 walifia kazini, na Watanzania na Wazambia waliochimba na kubeba walikuwa makumi ya maelfu. Kipande cha Mlimba hadi Makambako kilikuwa cha taabu kuliko vyote: miteremko, matope, na mahandaki 18 kati ya 22 ya njia nzima. Kabla ya hapo njia inapita kaskazini mwa lililokuwa Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Abiria wa daraja la tatu anayerudi Mbeya na ndizi au vitenge vyake huwaona twiga na tembo pale Matambwe kwa nauli ya kawaida, ilhali wageni wa treni ya kifahari ya Rovos Rail, iliyoanza safari za Cape Town hadi Dar es Salaam mwaka 1993, huwaona wanyama walewale kwa maelfu ya dola. Septemba 2024 nchi tatu zilitia saini tena, Beijing palepale, makubaliano ya awali ya kuifufua njia hii. Ikifufuliwa vizuri, mkulima wa Rungwe ndiye wa kunufaika mapema.

Mwaka 2003 watafiti waliosikia habari za nyani wa ajabu kutoka kwa wawindaji wa Kinyakyusa walimwona kipunji katika misitu ya mlima Rungwe, na mwaka 2006 sayansi ikampa jina la jenasi Rungwecebus. Mlima huu, wenye urefu wa mita 2,960, umempa jina mnyama asiyeonekana popote nje ya Tanzania, na uliipa jina injini ya mvuke ya jamii yenye nguvu kupita zote za reli ya mita moja. Mtoto wa Tukuyu anaweza kumaliza shule bila kuambiwa hata moja kati ya haya.

Ombi langu kwa halmashauri ya wilaya ni ubao mmoja pale Tukuyu: namba 5916, jina Mount Rungwe, Manchester hadi Mombasa, na picha ya kichwa chenyewe. Na kwa kila nyumba ya Rungwe yenye mzee aliyewahi kufanya kazi katika reli ya Afrika Mashariki au katika ujenzi wa TAZARA: kaeni naye mwaka huu, andikeni jina la stesheni aliyokuwapo, kazi aliyoifanya na mshahara aliolipwa, kisha nakala ipelekwe katika maktaba ya shule iliyo karibu.