Mahasimu Kona Moja: Kane, Daniel Bryan na Jozi Iliyoishi kwa Kugombana

Usiku wa tarehe 16 Septemba 2012, mjini Boston, Kofi Kingston amelala chali ulingoni akihema. Mzaliwa huyo wa Kumasi, Ghana, ndiye bingwa wa jozi wa WWE, kampuni ya mieleka ya Marekani, pamoja na mwenzake R-Truth. Juu ya kona, kwenye kamba ya juu kabisa, amesimama Kane, jitu linalotangazwa kuwa na urefu wa futi 7, uso umefichwa ndani ya kinyago chekundu. Nyuma yake yupo Daniel Bryan, ambaye usiku huo ni mwenzake wa upande mmoja. Bryan anamsukuma. Kane anaporomoka kama gunia, anamwangukia Kofi kifuani, na mwamuzi anapiga sakafu mara tatu.

Ubingwa umebadilisha mikono kwa sababu mwenza amemsukuma mwenza kwa hasira.

Kabla jasho halijakauka, wawili hao walikuwa wakinyang'anyana mikanda na kupigiana kelele, kila mmoja akidai ushindi ni wake peke yake. Msemo wao ukawa maarufu, na utamu wake ulikuwa katika sarufi mbovu: "Mimi ndiye mabingwa!" Kila mmoja alitaka wingi wote uwe wake.

Balambala, mji wa ukingoni mwa Mto Tana katika Kaunti ya Garissa, uko mbali sana na Boston. Hata hivyo mieleka si mchezo wa kigeni huko. Wasomali wa huko huiita legdan, na wavulana wanaochunga mbuzi na ngamia hawasubiri kengele wala mwamuzi: mchanga upo, mikono ipo, atakayeangushwa ameangushwa. Katika legdan watu ni wawili, na hakuna anayesimama nje ya kamba akinyoosha mkono ili apokezwe zamu. Mieleka ya jozi ni ubunifu wa biashara ya Marekani, na ubunifu wake mtamu kuliko yote ni huu wa kuwachukua watu waliotaka kumalizana na kuwafunga mkanda mmoja.

Ni vyema lisemwe mapema ili pasiwe na wa kujiona mjanja: matokeo ya mieleka ya kulipwa hupangwa. Kuna waandishi, kuna hadithi, na mshindi hujulikana kabla ya taa kuwashwa. Lakini uzito wa Kane ni uzito wa kweli, na mtu anayeangukiwa na mwili ule hawezi kuigiza mbavu zake. Mtazamaji wa Garissa anayezozana na mwenzake kama mambo yale ni ya kweli au ni sinema anauliza swali dogo. Swali kubwa ni kwa nini hadithi hii ya mahasimu kuungana hurudiwa kila baada ya miaka michache, na kila mara watu huikimbilia.

Ilikuwepo kabla ya Kane na Bryan. Mwaka 1987 Hulk Hogan na Randy Savage, waliokuwa wamekwaruzana vya kutosha, waliungana wakajiita Mega Powers. Walivuma hadi wivu ulipoingia, na tarehe 2 Aprili 1989, mjini Atlantic City, Hogan alimpokonya Savage ubingwa wa dunia. Muongo mmoja baadaye ikaja zamu ya The Rock na Mankind. Januari 1999 The Rock alimpiga Mankind kichwani kwa kiti cha chuma, mara nyingi mno, mikono ya Mankind ikiwa imefungwa pingu nyuma. Agosti mwaka uo huo wakawa mabingwa wa jozi. Mankind alimpenda mwenzake kama mtoto anavyompenda kaka asiyemjali, na The Rock akamvumilia kama anavyovumiliwa jirani mwenye maneno mengi.

Kane na Bryan walikuwa kitu kingine. Kane, jina lake halisi Glenn Jacobs, aliingia ulingoni kwa jina hilo Oktoba 1997 akiwa ndugu wa Undertaker katika hadithi, kiumbe wa moto na kinyago, mwenye maneno machache. Bryan Danielson, mzaliwa wa Aberdeen katika jimbo la Washington, alikuwa fundi. Alipitia kumbi ndogo kwa miaka mingi kabla ya kufika jukwaa kubwa, na mwili wake mdogo ulijua kufunga viungo vya mtu kama mafundo ya kamba. Tarehe 1 Aprili 2012, karibu na Miami, alipoteza ubingwa wa dunia kwa Sheamus wa Ireland katika sekunde 18. Aibu hiyo ndiyo iliyomjenga. Mashabiki walikasirika kwa niaba yake wakaanza kuimba "Yes!" kila mahali, naye kwa ukaidi akawajibu "No!"

Miezi iliyofuata Bryan na Kane walipigana tena na tena. Juni walikutana na CM Punk katika pambano la watu watatu. Tarehe 19 Agosti Bryan alimkunja Kane kwa mbinu iitwayo kifurushi kidogo akambana mabega chini, akashinda kwa ujanja. Wakati huo umati ulikuwa umeshampa Bryan jina la kejeli kwa sababu ya ndevu zake: "uso wa mbuzi". Msomaji wa Balambala ataona ajabu kidogo kwamba hilo ni tusi. Mahali ambapo mbuzi ni karo, ni mahari na ni akiba, kuna nyuso mbaya zaidi za kufananishwa nazo.

Ndipo usuluhishi ukaingia. Meneja wa kipindi wakati huo, AJ Lee, aliwapeleka wote wawili kwenye darasa la kutuliza hasira, mbele ya mshauri mpole aliyeitwa Dokta Shelby. Picha yenyewe ilitosha kuchekesha. Kane alikaa kwenye kiti cha darasani na kinyago chake usoni, mabega yamejaa kuliko kiti, akasimulia historia ya maisha yake kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya dukani: kuungua, kuzika watu, kuchoma watu. Mwishoni akaongeza kwamba, kwa sababu ambazo hazijawahi kuelezwa, ana uraibu wa kumtesa Pete Rose, mchezaji wa zamani wa besiboli. Hilo nalo lilikuwa kweli, maana alikuwa amemgeuza Rose kichwa chini na kumpigiza sakafuni mwaka 1998. Darasa likanyamaza. Katika miaka 15, wachache walikuwa wamefikiri kwamba Kane anaweza kuwa mcheshi.

Kisha wakaamriwa wakumbatiane ulingoni. Umati ulipaza sauti ukitaka kumbatio. Walisogeleana hatua moja, wakarudi nyuma, wakanyoosha mikono kama watu wanaopima joto la sufuria. Walipokumbatiana hatimaye, mmoja akamsukuma mwenzake kidogo, mwingine akalipiza zaidi, na suluhu ikaishia kwenye ngumi.

Kaskazini Mashariki mwa Kenya watu wanajua usuluhishi ulivyo hasa, na labda ndiyo maana kichekesho hiki kinaeleweka huko bila tafsiri. Kwa xeer, sheria ya kimila ya Wasomali, damu iliyomwagika hulipiwa mag, ambayo ni diya: ngamia 100 kwa mwanamume, 50 kwa mwanamke. Wazee huketi kwa siku nyingi chini ya mti mpaka hesabu ikamilike. Wilayani Wajir, baada ya mapigano ya koo ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wa koo zilizokuwa zikiuana, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, walianza mwaka 1993 kwa kuhakikisha kwamba sokoni mwanamke wa ukoo wowote anaweza kuuza na kununua bila kufukuzwa. Mwaka 2001 jamii za wafugaji wa eneo hilo zilifikia Azimio la Modogashe kuhusu malisho, maji na fidia. Katika kazi hizo hakuna aliyetakiwa kumpenda mwenzake kwanza. Walianza na bei ya maziwa na zamu ya kisima, na chuki ikaachwa ikae pembeni kama mgeni asiyekaribishwa chai.

Waandishi wa mieleka walilijua jambo hilo. Dokta Shelby hakumponya mtu yeyote. Mashabiki walipoulizwa waichagulie jozi hii jina, walichagua Team Hell No, jina la kukataa lililofungwa kwenye mkanda wa kushirikiana. Na mbinu ya ushindi ilibaki ile ya Boston: ugomvi wa ndani unawapotezea wapinzani hesabu. Ukijiandaa kupambana na jozi yenye mpango, unausoma mpango. Jozi ambayo yenyewe haijui nani atamsukuma nani haisomeki. Tena kila mmoja alikuwa ameshakula kipigo cha mwenzake kwa miezi, hivyo Bryan alijua hasa Kane huchelewa wapi kugeuka, na Kane alijua fundo gani la Bryan hukaza na lipi hulegea. Ukufunzi wao ulikuwa umelipiwa mapema, kwa michubuko.

Walitawala kwa siku 245. Tarehe 7 Aprili 2013, katika uwanja wa MetLife jimboni New Jersey, walitetea mikanda dhidi ya Dolph Ziggler na kijana mmoja mwenye kifua kama pipa aliyeitwa Big E. Mwezi uliofuata, Mei 19, mikanda ikachukuliwa na Seth Rollins na Roman Reigns. Bryan aliingiwa na fikra kwamba watu wanamwona yeye ndiye kiungo dhaifu, akaanza kupigana kama mtu anayedaiwa, na ushirika ukaisha bila kufanyiwa matanga. Agosti 2013 alimshinda John Cena akawa bingwa wa dunia. Mei 2014 alijikuta tena uso kwa uso na Kane, wakigombea taji kubwa, na usiku huo Kane alipitishwa kwenye meza iliyokuwa ikiwaka moto. Siku chache baadaye Bryan alifanyiwa upasuaji wa shingo.

Waliorithi mtindo wao walikuwa Sheamus, yuleyule wa sekunde 18, na Cesaro wa Uswisi. Mwaka 2016 walipangiwa mapambano saba wao kwa wao. Sheamus alishinda matatu ya kwanza, Cesaro akarudisha matatu, na la saba, Septemba 25 mjini Indianapolis, likavunjika bila mshindi kwa kuwa wote walikuwa hawawezi kuendelea. Uongozi ukawafanya jozi. Desemba 18 waliwavua taji The New Day baada ya utawala wa siku 483, ambao hakuna jozi iliyokuwa imeufikia. Aliyebanwa mabega chini usiku huo? Kofi Kingston, kwa mara nyingine. Walijiita The Bar, wakatwaa ubingwa wa jozi mara tano kwa jumla, na walikuwa bora ulingoni kuliko Kane na Bryan, ingawa hawakuwahi kuchekesha nusu yao. Mtoto wa miaka 10 aliyetolewa kwenye viti vya watazamaji awe mwenza wa Braun Strowman aliwavua taji New Orleans mwaka 2018. Mwaka uliotangulia walikuwa wamevuliwa na Rollins na Dean Ambrose, ambao nao walikuwa wameshavunjiana urafiki kwa kiti cha chuma. Aprili 2019 Cesaro alihamishiwa kipindi kingine, na The Bar ikazimika kimyakimya, bila hata kofi la kuagana.

Bryan alikuwa amestaafu Februari 2016 kwa sababu ya majeraha ya kichwa, madaktari wakamruhusu kurudi Machi 2018. Kane alirudi kwa muda kuungana naye, jozi ikapumua wiki chache, kisha Agosti mwaka huo Glenn Jacobs akachaguliwa kuwa meya wa Kaunti ya Knox, Tennessee. Bryan akaendelea peke yake, akawa bingwa wa dunia tena, safari hii akiwa mtu mbaya, akautupa mkanda wa ngozi na kujitengenezea wa katani.

Tarehe 7 Aprili 2019 alirudi MetLife, uwanja uleule na tarehe ileile ya miaka sita nyuma. Mpinzani wake alikuwa Kofi Kingston. Hapakuwa na kinyago chekundu kwenye kona, wala mtu wa kusukumwa. Kofi alimpiga teke la kichwani, akamlalia, mwamuzi akahesabu tatu, na kwa mara ya kwanza mzaliwa wa Afrika akawa bingwa wa dunia wa WWE. Wenzake wa The New Day, Xavier Woods na Big E, yule kijana wa kifua cha pipa aliyeshindwa na Bryan na Kane uwanjani hapo mwaka 2013, waliingia wakiwa na mkanda wa ngozi. Ule wa katani ukaachwa kando, na wana wawili wa Kofi wakapandishwa ulingoni kumkumbatia baba yao.