Darasa la mapishi Bali: mambo ya kujua kabla ya kujiandikisha

Bali ni kisiwa cha Indonesia, na wakazi wake wengi ni Wahindu. Msafiri anayetaka kujifunza mapishi ya huko hupata madarasa mengi mjini Ubud na katika vijiji vya jirani. Hapa tunaeleza yanavyokwenda.

Mara nyingi siku huanza sokoni asubuhi. Wanafunzi huonyeshwa vitunguu vidogo vyekundu, kitunguu saumu, tangawizi, manjano, mchaichai, pilipili, na uduvi uliochachushwa uitwao terasi.

Kazi kubwa ni kusaga viungo hivyo kwenye kinu kipana cha jiwe. Mchanganyiko wake huitwa base genep, na ndio msingi wa jiko la Bali. Ukiujua, utapikia samaki, kuku au mboga. Ndio unaotiwa pia kwenye sate lilit, mishikaki ya samaki aliyesagwa na kufinyangwa kwenye kijiti cha mwanzi au bua la mchaichai.

Lipo na la adabu. Chakula kikiiva, familia za Kihindu hutenga kwanza wali kidogo juu ya vipande vya jani la mgomba, kama sadaka, ndipo watu wale. Mgeni naye husubiri.

Kabla ya kulipa, uliza. Nyama ya nguruwe hupikwa sana Bali, na chakula kiitwacho lawar huweza kutiwa damu. Mwislamu, asiyekula nyama, au anayedhurika na uduvi aseme mapema, kwa sababu terasi ikishasagwa haionekani tena.