Mwanya wa Flashi: Faili la autorun.inf na Matumizi ya Kompyuta Mkuza, Kibaha, 1995–2011

Virusi vya flashi vinapozungumzwa, lawama humwangukia mtumiaji: hakuwa mwangalifu, alichomeka flashi asiyoijua. Insha hii inadai kwamba chimbuko la tatizo lilikuwa uamuzi wa kiusanifu ndani ya mfumo endeshi wenyewe, na kwamba gharama yake ilikuwa kubwa zaidi mahali ambapo flashi ilifanya kazi ya mtandao.

Uamuzi huo ulianza na Windows 95. Ili kumrahisishia mnunuzi wa sidii, kampuni ya Microsoft iliuelekeza mfumo utafute katika diski faili lenye jina autorun.inf na kufuata maagizo yake. Sidii ya kiwandani haikuandikika upya, hivyo imani hiyo haikuonekana kuwa na hatari. Flashi huandikika. Hata hivyo, ilipoenea katika muongo uliofuata, ilirithi imani ileile: mtu aliyebofya mara mbili alama ya diski ili aone mafaili yake aliweza kuwa anaendesha programu ya mtu mwingine.

Tanzania, iliyopiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, ilianza kuzipokea kwa wingi katika miaka ya 1990, wakati mifumo ya Windows ilikwisha kutawala soko. Mkondo wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009. Kabla yake mawasiliano ya nje yalitegemea setilaiti, kwa kasi ndogo na bei kubwa. Kwa hiyo katika maeneo kama Mkuza, kando ya barabara ya Morogoro, waraka ulisafiri mfukoni. Barua ya maombi ya kazi, mtihani wa muhula, taarifa ya kikao: vyote vilipelekwa steshenari kuchapwa, na kompyuta moja ya steshenari ilipokea flashi za mtaa mzima. (Kibaha ni mji wa shule tangu mradi wa nchi za Nordic wa miaka ya 1960, na shule haziishi bila karatasi.)

Kirusi cha Conficker kilijitokeza Novemba 2008; toleo lake la pili, mwezi uliofuata, liliingia kwenye flashi na kujivika sura ya folda ya kawaida katika kisanduku cha kuchagua. Microsoft iliubana mwanya huo katika Windows 7 mwaka 2009, na Februari 2011 ikasambaza kiraka kwa Windows XP na Vista. Kiraka kilikuja kwa intaneti. Kirusi kilikuja kwa mkono. Aidha, wenye nakala zisizo halali mara nyingi walizima masahihisho kwa kuogopa kugunduliwa.

Watumiaji walijitengenezea kinga. Maarufu zaidi ilikuwa kuunda ndani ya flashi folda tupu yenye jina autorun.inf: kwa kuwa faili na folda haviwezi kubeba jina moja mahali pamoja, kirusi kilikosa pa kuandika faili lake. Ni ufundi unaostahili nafasi katika historia ya teknolojia kuliko unavyopewa. Lakini Juni 2010 kiligunduliwa kirusi cha Stuxnet, kilichotumia mwanya mwingine, wa njia za mkato. Hapo ilitosha kufungua flashi na alama zake kuonekana kwenye kioo. Folda ile tupu haikuwa na la kuzuia.