Kuchagua regulata ya presha: tunachojifunza Kitale na Bungoma

Mafundi wetu wa Pwani wanaokwenda bara kutafuta riziki huniuliza swali moja kila mara: mbona kompresa iliyowatosha Changamwe huonekana dhaifu ikifika Kitale? Wengi huilaumu regulata, wakanunua nyingine. Aghalabu pesa hizo huenda bure, na wengine hukaza skrubu mpaka mpira wa hewa ukapasuka.

Mwanzo ni mwinuko. Mombasa iko usawa wa bahari. Bungoma iko karibu mita 1,400 juu yake, Kitale karibu mita 1,900. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi. Kompresa ile ile huvuta hewa pungufu kwa takriban asilimia 20 Kitale, na kama asilimia 15 Bungoma, kwa hivyo tangi huchelewa kujaa. Regulata haina kosa hapo. Kazi yake ni kupunguza presha na kuituliza, kuongeza haiwezi.

Kabla ya kununua, pima hivi. Fungua bunduki ya rangi huku ukitazama geji ya tangi na ya regulata. Geji ya tangi ikizidi kushuka mpaka ya regulata ikaifuata, kompresa ndiyo imezidiwa. Ya tangi ikibaki juu na ya regulata ikaanguka, basi regulata ni ndogo au chujio limeziba.

Ikiwa kweli wahitaji regulata mpya, angalia mambo manne.

1. Kitu kinachopita ndani. Ya hewa si ya maji, wala ya maji si ya mvuke. Mvuke huharibu mpira na plastiki za kawaida. Ya oksijeni isiguswe kamwe na mafuta wala grisi, maana huweza kuwaka yenyewe. Asetilini ya kuchomelea isipitishwe baa 1 ukiirekebisha.

2. Kiasi kinachopita. Hapa ndipo wengi huteleza: hununua kwa ukubwa wa nati za paipu. Regulata mbili za nati ya nusu inchi huweza kupitisha viwango tofauti kabisa. Jumlisha lita kwa dakika za vifaa vitakavyofanya kazi kwa pamoja, kisha usome jedwali la mtengenezaji. Regulata ndogo huonyesha presha nzuri bunduki ikiwa imefungwa, lakini ikifunguliwa presha huporomoka.

3. Presha ya kuingia na ya kutoka. Ya kuingia isizidi kiwango kilichoandikwa mwilini mwake. Ya kutoka iwe karibu na katikati ya uwezo wa springi. Kwa kazi ya baa 2, regulata ya baa 0 hadi 16 itakusumbua: ukigusa skrubu kidogo tu, presha huruka.

4. Kupumua. Regulata nyingi za hewa hutoa nje presha ya ziada ukilegeza skrubu. Kwa hewa hilo ni jema. Kwa gesi inayowaka au dawa za sumu, chagua ile isiyotoa kitu nje.

Weka chujio la maji na vumbi kabla ya regulata, na ufuate mshale ulioandikwa juu yake.

Zaidi ya yote, regulata si valvu ya usalama. Kiti chake kikichakaa, presha yote ya tangi huweza kupenya hadi mkononi mwa kijana anayepuliza rangi. Tangi lazima liwe na valvu yake ya usalama, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka matangi ya hewa yakaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Nimeona karakana, bara na Pwani, ambako valvu hiyo imezibwa kwa bolti kwa sababu "inapoteza hewa". Ikivuja, ibadilishe, usiizibe. Bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na uhai wa mtu.