Sahani ya Kwanza

Ukishuka kwenye feri ya Likoni, ewe msomaji, na kuifuata barabara ielekeayo kusini, utapita Tiwi, Ukunda na Msambweni kabla ya kufika Lunga Lunga mpakani. Katika vijiji vya Wadigo vilivyo kandokando ya njia hiyo, ngoma ya sengenya imepigwa tangu zama zisizoandikwa. Usiidhanie kuwa ni ngoma ya upole. Ngoma kubwa na ndogo hupigwa kwa pamoja, upatu hugongwa bila kupumzika, na juu ya yote hulia nzumari, kwa sauti kali yenye mikwaruzo, inayosikika hata ng'ambo ya minazi. Nimeanza na nzumari kwa makusudi, maana nataka kukusimulia habari za gitaa la umeme.

Katika miaka ya 1960, na hasa ya 1970, hoteli za watalii zilijengwa moja baada ya nyingine katika ufuo wa Diani, kama zilivyojengwa pia kaskazini ya Mombasa. Jioni hoteli zilihitaji muziki, na vijana wa pwani waliojua kupiga gitaa wakapata kazi. Kazi hiyo ilikuwa chuo kizuri. Mpigaji alisimama mbele ya watu usiku baada ya usiku, akajifunza kumtazama mchezaji miguuni na kujua ni wakati gani wa kuongeza mwendo. Walakini ilikuwa pia kifungo, kwa kuwa mgeni aliyetoka Ulaya alipenda kusikia nyimbo alizozizoea kwao. Mtu aweza kupiga nyimbo za wenzake miaka kumi, na siku ya mwisho asiwe na wimbo mmoja ulio wake.

Wala shida hii haikuwa ya pwani yetu peke yake. Katika mji wa Pasadena, jimbo la California huko Marekani, walikuwako ndugu wawili waliozaliwa Uholanzi, Eddie na Alex Van Halen. Pamoja na wenzao walipiga muziki wa roki nzito katika nyua za nyumba za watu, penye karamu za vijana, na nyimbo nyingi walizozipiga zilikuwa za bendi nyingine. Sahani yao ndefu ya kwanza ilitoka mwaka 1978. Waliirekodi kwa majuma machache tu, na sehemu kubwa waliipiga wote pamoja studioni, kama kwamba wako karamuni, hawakuisafisha mno. Katika sahani hiyo umo wimbo wa kuazima, uliokuwa wa bendi ya Kinks ya Uingereza. Nyimbo nyingine nyingi zinahusu ujana, mapenzi na furaha ya usiku. Gitaa la Eddie linakwaruza kwa sababu kikuza sauti kimelazimishwa kupita kiasi chake. Wazazi wengi waliita sauti ya namna hiyo kelele. Nafikiri mzee wa Kwale aliyelelewa na nzumari asingeshtuka sana.

Turudi kwetu. Mwaka 1972 ndugu wa jamaa ya Harrison, wakiwamo Teddy Kalanda, Billy Sarro na George Zirro, waliunda Mombasa bendi iliyoitwa Them Mushrooms. Nao walikuwa wanafunzi wa chuo kile cha hoteli. Teddy Kalanda alitunga "Jambo Bwana", wimbo wa maneno machache ya maamkizi, mepesi hata mgeni aliyeshuka jana aweza kuyaimba. Ulitoka katika sahani mwaka 1982, na katika miaka mitano iliyofuata ziliuzwa nakala zaidi ya 200,000. Mwaka 1983 Boney M, kundi lililokuwa na makao yake Ujerumani, lilitoa wimbo uliojengwa juu yake. Bila shaka wewe mwenyewe umeuimba, labda bila kuulizwa hata siku moja ni nani aliyeutunga. Bendi nyingi ziliurudia, hata jina la mwenyewe likapotea katikati ya salamu.

Mimi nauheshimu wimbo huo, lakini ni wimbo wa mlangoni. Mgeni anakaribishwa, anaambiwa hakuna matata, naye haonyeshwi ndani ya nyumba.

Bendi ya Mombasa Roots ndiyo iliyofungua chumba cha ndani. Katika miaka ya 1980 ilitoa "Disco Cha-Ka-Cha", nyimbo za kigeni zikawekwa kando, na mapigo ya chakacha yakachukuliwa na magitaa na vinanda vya umeme. Lazima ujue chakacha ni nini ndipo uone ujasiri wa jambo hili. Ni ngoma ya wanawake wa Kiswahili, ya arusini, inayochezwa kwa kiuno, penye ua uliofungwa wanaume wasiingie. Nyimbo zake hujaa mafumbo, na anayefumbwa mara nyingi yumo humo humo miongoni mwa wachezaji. Sasa mapigo hayo yakasikika katika disko, mbele ya mume na mke, mwenyeji na mgeni. Watalii waliokuwa wakitumbuizwa kwa nyimbo za kwao wakawa ndio wanaojifunza kucheza.

Kwa maoni yangu sahani hii ndiyo iliyo karibu zaidi na ile ya Pasadena: imeichukua karamu ya nyumbani kama ilivyo, na jasho lake. Tofauti ni moja, nayo si ndogo. Wale ndugu wa California waliiuza karamu yao wenyewe. Chakacha ilikuwa ya mama na bibi zetu, nao hawakuulizwa. Sheria ya hakimiliki humtambua mtunzi wa maneno na sauti. Mapigo ya ngoma hayakuwa na mwenyewe. Bunge la Kenya lilitunga sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi za jamii mwaka 2016, sahani zile zikiwa zimekwisha kuzunguka kwa takriban miaka thelathini.