Habari Zilivyofika Tabora: Tangu Mfuko wa Mpagazi Hata Simu ya Mkononi

Somo hili mlilisikia redioni. Sasa limepigwa chapa ili kila mmoja wenu alisome polepole kwa macho yake mwenyewe. Kama uko darasani, soma kwa sauti, na mwenzako afuate kwa kidole. Leo tutajifunza jinsi habari zilivyofika Tabora zamani, nani alizichukua, na jinsi wewe unavyoweza leo kuchagua habari za kukufikia.

1. Njia ya misafara

Katikati ya karne ya 19, njia kuu ya misafara ilianza pwani, Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora katika nchi ya Unyanyembe. Hapo iligawanyika. Moja ilikwenda magharibi mpaka Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Nyingine ilikwenda kaskazini mpaka Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo, shanga na nyaya zilipanda bara. Watu pia walitembezwa katika njia hiyo na kuuzwa utumwani, na jambo hilo tusilisahau. Wapagazi wengi wa mizigo walikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi kwa ujira, na sifa yao ilijulikana pwani yote.

Kutoka pwani hata Tabora ilikuwa safari ya miguu ya miezi kama mitatu. Habari nayo ilikuwa mzigo kama mizigo mingine. Msafara ukichelewa, habari ilichelewa. Watemi wakizuia njia kwa sababu ya hongo, habari ilizuiwa. Kwa hiyo mtu wa Tabora aliyetaka kujua mambo ya Unguja alikuwa na maswali mawili. La kwanza: nani ataniletea? La pili: je, nimwamini?

2. Kuuliza watu zaidi ya mmoja

Mwezi wa Novemba 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Kaze, mahali palipo Tabora ya leo. Walitafuta maziwa makubwa ya bara. Wamisionari wa pwani walikuwa wamekwisha chora ramani kwa kuwasikiliza wasafiri, na ramani ile ilionyesha ziwa moja kubwa mno, kama bahari. Lakini Kaze walimkuta mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Snay bin Amir, aliyeijua sana biashara ya bara. Yeye aliwaambia kwamba hilo si ziwa moja, bali ni maziwa mbalimbali. Alisema kweli. Mwaka 1858 walifika Ziwa Tanganyika, na baadaye mwaka huo huo Speke aliliona lile ziwa la kaskazini ambalo alilipa jina la Victoria.

Wamisionari hawakuwa waongo. Walisikia habari nyingi kutoka mbali, wakaziunganisha kuwa moja. Snay alikuwa karibu zaidi na jambo lenyewe. Basi tunajifunza hivi: chagua mtu aliye karibu na jambo, tena usimsikilize mmoja tu.

3. Mfuko wa barua uliokawia

Sasa sikiliza kisa cha mfuko mmoja. Dr. Livingstone alikuwa bara kwa miaka mingi, na barua zake nyingi zilipotea njiani. Tarehe 1 Novemba 1870 mfuko wa barua zake ulitiwa alama Unguja, ukaandikwa jina lake, mahali pa kwenda, yaani Ujiji, na tarehe ile. Ukakabidhiwa watu wa msafara. Watu hao walivuka hadi Bagamoyo, wakakaa hapo miezi kama mitatu bila kuondoka. Mwisho wakaondoka, wakafika Unyanyembe, na mfuko ukalala tena.

Mwaka 1871 vita vilizuka kati ya Mirambo, mtemi wa Urambo, na Waarabu wa Tabora. Njia ya kwenda Ujiji ikafungwa. Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, alikuwa Tabora siku zile. Aliuchukua mfuko ule, akazunguka kwa njia ya kusini, akafika Ujiji mwishoni mwa 1871. Barua zilikuwa zimekaa njiani karibu mwaka mzima. Livingstone alisoma chache tu, akauweka mfuko kando, akamwomba Stanley amwambie habari za ulimwengu. Hapo ndipo aliposikia kwamba Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa mwaka 1869!

Tazama, ndugu msomaji. Barua ziliandikwa, jina lilikuwapo, tarehe ilikuwapo. Kilichokosekana ni mchukuzi wa kuaminika na njia iliyo wazi.

4. Habari ya uongo na habari ya kweli

Huyo huyo Livingstone alitangazwa amekufa mara mbili. Mwezi wa Desemba 1866, Musa na wenzake waliokuwa wamemkimbia karibu na Ziwa Nyasa walifika Unguja, wakasema ameuawa. Watu wengi walisadiki. Mwaka 1867 wakatumwa watu kwenda kupeleleza, ikaonekana kwamba ni uongo. Musa alisema vile ili kuficha kosa lake la kukimbia.

Mara ya pili ilikuwa kweli. Livingstone alikufa mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake, Chuma na Susi na wenzao, waliuchukua mwili wake, na mwezi wa Oktoba mwaka huo wakafika Unyanyembe. Hapo wakamkuta Mwingereza Cameron, wakampa habari. Habari hii ilitoka kwa watu waliokuwapo, nao walikuwa na ushahidi mikononi mwao. Habari zote mbili zilisema neno moja, ila waliozileta hawakuwa sawa.

5. Reli, magazeti na redio

Miaka ikapita, njia zikabadilika. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari ya miezi ikawa safari ya siku chache. Mwaka 1923 serikali ya Tanganyika ilianza kutoa gazeti la Mambo Leo kwa Kiswahili kila mwezi. Huko Kipalapala, nje ya mji wa Tabora, Wamisionari Wakatoliki walikuwa na kiwanda cha kupiga chapa. Mwaka 1951 Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika redioni, na mwaka 1957 BBC ya London ikaanza matangazo yake ya Kiswahili.

Shida ya zamani, ya habari kuchelewa, ikapungua. Ikaja shida mpya: habari ni nyingi kuliko muda wa kuzisoma.

6. Mlisho ni nini?

Siku hizi habari hukaa katika tovuti za intaneti. Magazeti yana tovuti, redio zina tovuti, hata mtu mmoja anaweza kuwa nayo. Ukitaka kufuata tovuti kumi, utazifungua zote kila siku kuona kama kuna jipya? Utachoka, na fedha ya bando itakwisha.

Dawa yake ilitengenezwa Marekani mwezi wa Machi 1999, katika kampuni ya Netscape. Jina lake fupi ni RSS, na kwa Kiswahili tunaweza kusema mlisho. Mlisho ni orodha fupi ambayo tovuti huiandika yenyewe. Kila habari mpya huwekwa humo pamoja na kichwa chake, tarehe yake, maneno machache ya maelezo, na kiungo cha kuifungua. Ni kama alama zile za juu ya mfuko wa Livingstone: jina, mahali, tarehe.

Programu ya kukusanya milisho tuiite kisomaji. Wewe unakipa orodha ya tovuti unazozitaka. Kisomaji huzizungukia zote, kikarudi na mapya tu, kikayapanga mahali pamoja. Wewe unakaa kibarazani, tarishi ndiye anayetembea.

Je, mitandao ya kijamii haifanyi hivyo? Hapana, haifanyi vile vile. Huko kampuni yenyewe ndiyo huchagua lipi uone kwanza na lipi usilione kabisa. Ni kama mpagazi anayefungua mfuko wako njiani na kukupa barua anazozipenda yeye. Katika kisomaji mchaguzi ni wewe.

7. Namna ya kuchagua kisomaji

Visomaji ni vingi. Kabla ya kuchagua, uliza maswali manne.

Kwanza, orodha yangu itakaa wapi? Vingine, kama Feeder ya simu za Android, huiweka ndani ya simu yako, tena ni bure. Vingine, kama Feedly na Inoreader, huiweka kwenye kompyuta za kampuni, ili uisome kwa simu au kwa kompyuta yoyote. Hivyo vina sehemu ya bure yenye mipaka, na sehemu ya kulipia.

Pili, je, kinaweza kupakua habari nzima pale penye mtandao, nikazisoma baadaye nikiwa shambani? Kwa mtu wa kijijini jambo hili ni kubwa.

Tatu, je, maandishi yanasomeka? Macho ya mtu mzima yanataka herufi kubwa.

Nne, nalo ndilo kubwa kuliko yote: je, nikitaka kuhama, kitanirudishia orodha yangu? Visomaji vizuri hutoa orodha hiyo katika faili liitwalo OPML, ambalo visomaji vingine hulipokea.

Sababu ya swali hili la nne ni kisa cha kweli. Mwaka 2005 kampuni ya Google ilianzisha kisomaji kiitwacho Google Reader. Watu wengi duniani wakakitegemea hicho tu. Mwezi wa Machi 2013 Google ikatangaza kwamba itakifunga, na tarehe 1 Julai mwaka huo kikafungwa. Mpagazi aliutua mzigo njiani akaenda zake. Waliokuwa wametoa orodha zao waliziingiza katika kisomaji kingine, wakaendelea na safari. Walioacha ikawabidi kuanza upya, mmoja mmoja, kukumbuka walikuwa wakisoma nini.

8. Namna ya kukitumia

Fungua kisomaji, bonyeza alama ya kujumlisha, andika anwani ya tovuti. Mara nyingi kitautafuta mlisho chenyewe. Kisipouona, jaribu kuongeza /feed mwishoni mwa anwani, maana tovuti nyingi zilizojengwa kwa WordPress huweka mlisho hapo. BBC Swahili nayo ina mlisho wake. Lakini si kila tovuti inao, ukikosa, usijilaumu.

Anza na tovuti tano tu. Chagua moja ya habari za nchi, moja ya kazi yako, kama ni tumbaku au nyuki, na nyingine upendavyo. Zigawe kwa mafungu. Weka saa ya kusoma, asubuhi au jioni, usikae na simu kutwa. Baada ya mwezi, tazama ile usiyoifungua kamwe, uifute. Na kila mwezi toa faili la orodha yako, ulihifadhi mahali pengine.

Tena kumbuka Musa na kumbuka Chuma. Kisomaji ni mchukuzi tu, hakijui ukweli na uongo. Ukisoma habari kubwa, tazama tarehe yake, tazama aliyeiandika, uliza kama alikuwapo, kisha itafute kwa mwingine. Kazi hiyo hakuna mashine ya kukufanyia vizuri kama akili yako.

Ndugu msomaji, babu zetu wengi walingoja msafara, na barua ikifika walimtafuta mtu wa kuwasomea. Walipokea alichochagua kuwasomea. Wewe umejitaabisha kuja darasani jioni baada ya kazi, ukajua kusoma. Usikubali sasa mwingine akuchagulie cha kusoma. Orodha iwe yako, na uitunze kama mbegu.

Maswali ya kujibu darasani

1. Kwa nini mfuko wa Livingstone ulikaa njiani karibu mwaka mzima? Taja sababu mbili.
2. Habari ya Musa na habari ya Chuma zilitofautianaje?
3. Mlisho una sehemu gani nne?
4. Andika orodha ya mambo matano ambayo ungependa kupata habari zake kila wiki. Kisha mweleze mwenzako kwa nini umeyachagua.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.