Mwanamume huuawa mtaani, mwanamke nyumbani

UHALIFU wa kutumia nguvu hauwakumbi wanaume na wanawake kwa namna moja. Utafiti wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji, uliotolewa mwaka 2019, ulibainisha kuwa watu wapatao 464,000 waliuawa kwa makusudi duniani mwaka 2017. Takriban tisa kati ya kila watuhumiwa 10 walikuwa wanaume, na wanane kati ya kila 10 waliouawa walikuwa wanaume pia.

Hata hivyo, hesabu hiyo hugeuka pale muuaji anapokuwa mume, mke au mpenzi. Katika mauaji ya aina hiyo, wanawake walikuwa 82 kati ya kila waliouawa 100. Kwa maneno mengine, mwanamume ana zaidi ya kumhofia mwanamume mwenzake huko nje, ilhali mwanamke ana zaidi ya kumhofia yule anayelala naye chumba kimoja.

Wapo wanaoamini kuwa mwanamume huzaliwa na ukali wake. Lakini utafiti wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2005 ulionyesha kuwa, miongoni mwa wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenzi, asilimia 41 jijini Dar es Salaam walikuwa wamepigwa au kuingiliwa kwa nguvu naye. Mkoani Mbeya walikuwa asilimia 56. Maumbile peke yake hayawezi kueleza tofauti hiyo ndani ya nchi moja. Malezi na desturi za mahali vina nafasi yake.

Aidha, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulibaini kuwa karibu watoto watatu kati ya kila wanne, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamepata kipigo kabla ya kutimiza miaka 18.

Kwamba tabia hiyo hurekebishika kulionekana katika masoko ya Ilala na Temeke, likiwamo la Mchikichini, jirani na Jangwani na Kariakoo. Kuanzia mwaka 2015, shirika la Equality for Growth liliendesha humo kampeni ya "Mpe Riziki Si Matusi", kwa kuwa wanawake wachuuzi walikuwa wakitukanwa na kushikwashikwa. Wafanyabiashara walifunzwa kuwa wasaidizi wa kisheria, na masoko yakajiwekea miongozo ya kuwaadhibu wakosaji.

Sheria, kwa upande wake, haibagui. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatamka kuwa hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, awe mume au mke. Mwanamume anayepigwa na mkewe, ambaye mara nyingi hunyamaza kwa kuogopa kuchekwa, naye anaweza kufika katika Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Aliyejeruhiwa hupewa fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali, ambayo baadaye huweza kutumika kama ushahidi mahakamani.